Ajali Ina Kinga

Methali isemayo kuwa ajali haina kinga imetumika vibaya kuliko methali nyingine yoyote niijuayo katika lugha yetu. Yatamkwa matangani, yatamkwa mahakamani, yatamkwa na dereva asimamaye kando ya motokaa yake yenye kioo kilichopasuka, na mara nyingi yatamkwa na jamaa za marehemu wenyewe, ambao wangekuwa na haki ya kusema neno jingine. Ikisha kutamkwa, mazungumzo hukoma. Hapana aulizaye gari lilikuwa likienda mwendo gani, wala kivuko kilikuwa wapi, wala kwa nini mtoto wa darasa la pili alilazimika kukata njia pana ya magari ili aende kujifunza kusoma. Nakusudia katika kurasa hizi kubishana na methali hiyo. Si kwa kuwa wahenga walikosea, bali kwa kuwa sisi twawasingizia.

Wahenga walikuwa na maana nyingine. Ajali, kwa asili yake katika Kiarabu, ni muda uliokadiriwa, yaani saa ambayo umri wa mtu umeandikiwa kufika ukomo wake. Wazee wetu walilijua neno kwa maana hiyo, na kwa maana hiyo methali ni kweli tupu, maana hapana mwanadamu awezaye kuizuia saa yake. Lakini neno lilihama. Lilipewa kazi ya kutaja mgongano wa magari, kuporomoka kwa nyumba na kuzama kwa chombo. Na lilipohama lilikwenda na mzigo wake wa zamani mgongoni. Basi tendo la mtu aliyekanyaga mafuta pale alipopaswa kukanyaga breki likavikwa joho la kudura. Tena wale waliotupa neno hilo hawakulifanya udhuru. Sheria ya Kiislamu, ambayo yakubali kuwa saa ya kufa imeandikwa, yamdai aliyeua bila kukusudia alipe dia kwa jamaa za aliyekufa, na katika nchi za Ghuba dia hutozwa hata leo kwa vifo vya barabarani. Sisi tulichukua neno, tukaiacha hesabu yake.

Mwanafunzi wa lugha atakaye kuona jinsi sarufi iwezavyo kuficha hatia hana haja ya kwenda mbali. Na asome habari za ajali katika magazeti yetu. Gari liliacha njia. Ni nani aliyeliachisha? Habari haisemi. Gari lilimshinda dereva, kana kwamba wawili hao walikuwa wakipigana mieleka na mmoja akaangushwa. Breki zilikataa. Marehemu alikutwa na mauti akijaribu kuvuka barabara. Kujaribu! Mtu hujaribu kuvuka bahari kwa ngalawa wakati wa kusi. Hujaribu kupanda Kilimanjaro mpaka kileleni. Kwamba kwenda upande wa pili wa njia kununua mkate ni jambo la kujaribiwa, ambalo mtu huweza kulishindwa na kufa, mwandishi hulisema bila kushtuka na msomaji hulisoma bila kushtuka. Katika sentensi hizo gari lina nafsi, breki zina hiari, mauti yana miguu ya kumkuta mtu. Dereva peke yake ndiye asiye na tendo. Kisha, mwishoni kabisa, huja chanzo: uzembe wa mwenda kwa miguu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika habari nzima mwanadamu anapopewa tendo lililo lake, na mwanadamu huyo ni maiti.

Nasema haya kwa wasomaji wa jarida hili kabla ya kusema neno lolote juu ya rangi nyeupe na taa, kwa sababu lugha ndiyo kazi yetu, na katika shauri hili lugha imekula rushwa.

Udhuru wa pili ni wa wasomi zaidi, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Mtu aliyepata kukaa Uingereza au Uswidi hurudi na hadithi yake. Alisimama ukingoni mwa njia, hakuinua hata mkono, na magari yakasimama pande zote mbili. Husita kidogo, kisha hutoa hukumu: wenzetu wamestaarabika. Hadithi ni ya kweli. Hukumu ni ya uongo, tena ni uongo wenye ladha ya utumwa, kwa kuwa yataka tuamini kuwa kusimama kwenye kivuko ni sifa ya damu, na ya kuwa damu yetu haikupewa sifa hiyo.

Tuwatazame Waingereza hao hao. Mwenda kwa miguu wa kwanza ajulikanaye kuuawa na motokaa katika nchi yao alikuwa mwanamke, Bridget Driscoll, aliyegongwa katika viwanja vya Crystal Palace, London, mwaka 1896, na gari lililokwenda mwendo ambao leo baiskeli yaweza kuushinda. Kifo hicho hakikumstaarabisha mtu. Mwaka 1930 Bunge lao lilifuta kikomo cha mwendo wa motokaa, kilichokuwa maili 20 kwa saa, kwa sababu kilikuwa hakifuatwi; badala ya kuwashika waliovunja sheria, walivunja sheria yenyewe. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za nchi hiyo, na karibu nusu yao walikuwa wakienda kwa miguu, ingawa magari yalikuwa machache mno kuliko ya leo. Waziri wao wa uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, alisimamisha nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa mahali pa kuvukia. Alichekwa. Nguzo zake zilifanyiwa dhihaka, na matufe mengi yakavunjwa kwa mawe. Mwaka uliofuata kikomo cha mwendo kilirudishwa mijini, sasa maili 30 kwa saa. Mwaka 1951 ndipo mistari myeupe na myeusi ilipochorwa nchini kote, nayo ikaitwa kwa jina la pundamilia. Mwaka 2023, katika nchi yenye magari zaidi ya milioni 40, waliokufa walikuwa 1,624. Miaka hiyo karibu 90 haikubadili damu ya Mwingereza. Ilibadili sheria, njia, leseni, mtihani wa udereva, na uhakika wa kukamatwa.

Wala tusidhani kuwa wamemaliza kunung'unika. Mwaka 2022 kanuni zao za barabara zilirekebishwa ili dereva ampishe hata aliyesimama ukingoni akingoja, si yule tu aliyekwisha kutia mguu kwenye mistari. Na Wales ilipopunguza mwendo wa mitaa yake hadi maili 20 kwa saa, Septemba 2023, watu zaidi ya 450,000 walitia saini kupinga. Mstaarabu naye hupenda kukimbia. Kuna kichekesho kidogo hapa ambacho siwezi kukipita. Kanuni za Uingereza zasema kuwa dereva amulike taa zake kwa shabaha moja tu, kuwajulisha wengine kuwa yupo, lakini madereva wao kwa desturi humulika kumaanisha, "Tafadhali, pita." Dereva wetu akimulika humaanisha, "Nipo, naja, ondoka." Katika jambo hili moja sisi ndio twafuata kitabu cha Waingereza, nao ndio wanaokiuka.

Waholanzi ni mfano ulio bora zaidi, kwa sababu leo wasifiwa kama kwamba walizaliwa juu ya baiskeli. Mwaka 1971 watu 3,300 hivi walikufa katika barabara za nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwaka uliofuata wazazi na wenzao waliunda chama, nao walikiita kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni "Komesheni Mauaji ya Watoto". Jina hilo lastahili kutazamwa. Hawakusema ajali za watoto. Walisema mauaji, nao walijua kuwa hapana dereva aliyetoka kwake asubuhi akikusudia kuua. Walikusudia kusema kwamba taifa lijengalo njia kwa namna inayojulikana kuua, na likaendelea kuijenga hivyo baada ya kujua, haliwezi kujificha nyuma ya bahati mbaya. Walifunga mitaa, walikaa njiani, waliwasumbua wakubwa. Njia zilijengwa upya, nyembamba, zenye kona na matuta, ili mwendo wa kasi usiwezekane hata kwa aliyeutamani. Mwaka 2023 waliokufa walikuwa 684.

Japani yatupa ushahidi wa namna nyingine. Shirikisho la wenye magari la nchi hiyo huchunguza kila mwaka ni madereva wangapi wasimamao mtu anapotaka kuvuka kwenye kivuko kisicho na taa. Mwaka 2018, katika taifa hili litajwalo ulimwenguni pote kwa adabu, waliosimama walikuwa asilimia 8.6. Katika mkoa wa Tochigi hawakufika hata asilimia 1, hali katika mkoa wa Nagano walizidi asilimia 58. Watu ni wamoja, lugha moja, shule moja, chai moja. Tofauti yao ni kama ya mchana na usiku. Jedwali lilichapishwa, mikoa ya mkiani ikaona haya, polisi wakaongeza ukali, na mwaka 2024 waliosimama katika nchi nzima walikuwa asilimia 53. Atakayeshikilia kuwa adabu ya barabarani ni tabia ya asili ya taifa na atueleze ni asili gani hiyo iliyobadilika kwa miaka 6.

Ufaransa niitaje kwa ufupi: huko tangu mwaka 2018 dereva asiyempisha mwenye kuvuka hupoteza pointi 6 kati ya 12 za leseni yake. Mara mbili tu, basi yuatembea kwa miguu yeye pia, na hiyo nadhani ni elimu kamili. Amerika ya Kusini walitumia dhihaka mahali pa faini. Antanas Mockus, mwanafalsafa aliyekuwa meya wa Bogotá, mwaka 1995 aliweka katika njia panda waigizaji bubu wenye nyuso zilizopakwa rangi nyeupe, kazi yao ikiwa kuwaaibisha kwa ishara madereva waliokanyaga vivuko. Na La Paz, Bolivia, tangu mwaka 2001 vijana waliovaa ngozi bandia za punda milia huwavusha watu na kuwakemea wenye magari kwa michezo. Yapo mengi ya kusifu katika hayo, ila nayaogopa kidogo. Mji ambao haki yake yategemea mwigizaji kuwapo, hurudi ulivyokuwa siku mwigizaji akiugua.

Lakini kuna nchi moja ambayo yatupasa kuisoma kwa uangalifu kuliko zote, kwa sababu ndiyo tuigayo bila kukiri. Marekani, katika miaka ya 1920, watu wa miji walizikasirikia motokaa. Njia zilikuwa za wote: za watoto, za wachuuzi, za wenye mikokoteni. Katika mji wa Cincinnati, mwaka 1923, watu 42,000 walitia saini wakitaka kila motokaa iwekewe chombo cha kuizuia isizidi maili 25 kwa saa. Wauza magari walishtuka, wakakusanya fedha na nguvu zao, na kura ilipopigwa pendekezo likashindwa. Ndipo vita ikahamia kwenye maneno. Lilienezwa jina la kumwita mtu akataye njia mahali alipotaka, na maana ya jina hilo, ukilifasiri, ni "mshamba atembeaye": mtu wa porini asiyejua mambo ya mji. Vijana wa skauti walipewa karatasi za kugawa. Wavukaji walifanyiwa mzaha hadharani. Los Angeles ikatunga sheria ya kuwatoza faini mwaka 1925, na miji mingine ikaifuata. Katika muda wa kizazi kimoja mwenye njia akawa mgeni ndani ya njia yake, na mgeni akawa mwenyeji.

Silaha hiyo ya "mshamba" twaijua sana. Haikuhitaji kufasiriwa ilipofika kwetu. Utingo huitupa dirishani kila siku: "Mshamba wewe, huoni gari?" Na aliyetukanwa huinamisha kichwa, kwa kuwa amekwisha kuamini kuwa kutokimbia mbele ya gari ni alama ya kutoelimika. Ajabu ni kwamba California yenyewe, iliyolea sheria hiyo, iliilegeza tangu Januari 2023, hata polisi hawawezi kumtoza faini mtu aliyekata njia isipokuwa kama palikuwa na hatari ya kugongwa mara moja. Na mavuno ya miaka 100 ya kumlaumu mwenda kwa miguu ni haya: mwaka 2009 waliokufa Marekani wakitembea kwa miguu walikuwa 4,109, mwaka 2022 walizidi 7,500. Nchi tajiri kuliko zote, yenye taa, rangi, na maafisa wa kila namna, ilijenga njia pana kama viwanja vya ndege katikati ya makazi ya watu, ikapendelea magari makubwa yenye pua ndefu kama ukuta, na maiti wakaongezeka. Fedha haikuwa kinga. Ustaarabu haukuwa kinga.

Sasa tuje kwetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na asilimia 23 yao walikuwa waenda kwa miguu. Bara la Afrika, lenye sehemu ndogo mno ya magari ya dunia, kama asilimia 3, lilibeba asilimia 19 ya vifo. Hesabu hizo ndizo zinazonifanya nisiwe na subira na mtu anayeniambia kuwa magari yameongezeka mno. Magari ni machache. Tumeyaruhusu yafanye kazi ya mengi.

Sheria tunayo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, nayo yamtaka dereva ampishe aliye katika kivuko. Haikusema ampishe akipenda. Haikusema ampishe kama mvukaji ni mzee, au ni mzungu, au ni mwanamke mjamzito. Lakini simama kwenye mistari yoyote mijini mwetu saa 12 za asubuhi uone jinsi sheria hiyo ifasiriwavyo. Wanafunzi hukusanyika mpaka wawe kundi, maana mmoja haogopwi. Kisha mkubwa wao hunyosha mkono, na wote hukimbia. Wakifika ng'ambo hugeuka na kumpungia dereva aliyesimama, kumshukuru. Naye hupokea shukrani kwa uso wa mtu aliyetoa sadaka. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Kivuko, ambacho kwa sheria ni haki, kwetu kimekuwa hisani. Na hisani ina tabia zake: hutolewa na mkubwa kwa mdogo, hutolewa akiwa na nafasi, na asiyeitoa hashitakiwi. Siwakatazi watoto kushukuru. Watoto wa Nagano pia huinama kumshukuru dereva, na yasemekana kuwa hilo huwafanya wawe madereva wema wakikua. Ila kule dereva ajua kuwa asingesimama angeitwa na polisi, na hapa ajua kuwa hapana atakayemwita.

Tena tulichagua vizuri neno kivuko, labda bila kukusudia. Kivuko ni mahali pa kuvukia maji, au chombo cha kuvukia, kama kile cha Kigamboni. Aliyeiita mistari ile kivuko alikwisha kuona njia kama mto, na magari kama maji yasiyo na masikio. Lakini mto una udhuru, haukupata leseni.

Mwendo ndio kitovu cha shauri lote, na kwa kuwa husemwa kwa maneno tu, yafaa tuufanyie hesabu. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 kila sekunde. Dereva mzima, asiyelewa, asiyeshika simu, huhitaji sekunde 1 hivi tangu aone mpaka mguu ugonge breki. Kisha, katika njia kavu na tairi nzuri, gari huhitaji mita 14 nyingine lisimame. Jumla ni 28. Akienda kilomita 30 kwa saa, jumla ni mita 13. Maana yake ni kwamba mtoto akitokea mita 13 mbele, dereva wa kilomita 30 huwa amesimama, na dereva wa kilomita 50 huwa bado hajagusa breki. Humgonga kwa nguvu zake zote. Na wa kilomita 80, ambaye twamwona kila siku katika barabara kuu zipitazo mijini, huhitaji karibu mita 57. Hapa hapana kudura wala hapana uzembe wa mtoto. Hapa pana kuzidisha na kugawanya, mambo ambayo mtoto mwenyewe alikuwa akienda kufundishwa.

Huja basi mhandisi na jibu lake: tujenge madaraja ya juu. Na wapite juu wenye miguu, magari yapite chini kwa salama. Jibu hili huonekana la huruma, nami naliona kuwa ni tangazo la kushindwa. Kenya walifungua barabara kuu ya Nairobi mpaka Thika mwaka 2012, kazi ya sifa kubwa, na watu wakaendelea kufa wakiivuka, kwa kuwa shule ilikuwa huku na nyumba kule, na daraja lilikuwa mbali au halijakwisha. Baadaye matuta yakawekwa juu ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya kwenda kasi. Wako waliowacheka wavukaji kwa kutotumia madaraja. Lakini tazama mizani. Mwenye injini, aketiye juu ya kiti laini, hasumbuliwi hata kuinua unyayo. Na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya samaki kichwani, mzee wa goti bovu, kijana wa kiti cha magurudumu, hao ndio waamriwao kupanda ngazi na kuongeza nusu ya kilomita ili mwenye injini asipoteze sekunde 20. Daraja la juu lafaa penye reli na penye barabara ya mbali na makazi. Katikati ya mji, ni njia ya kumwondoa mtu ili gari listarehe.

Na hili latufikisha kwenye jambo ambalo wengi hawapendi lisemwe katika mikutano ya usalama barabarani: mwenye gari na mwenye miguu si watu wa daraja moja, na mwenye gari alijua hilo kabla hajawasha injini. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi walimotazama kivuko kimoja, wakaona kuwa madereva wa magari ya thamani kubwa walikuwa wepesi zaidi wa kumpita mvukaji bila kusimama. Mwaka 2015 wengine, katika mji wa Portland, Oregon, waliona kuwa wanaume weusi walipitwa na magari mara mbili zaidi ya weupe kabla hawajasimamiwa. Kivuko, kumbe, ni kipimo. Hupima ni nani ambaye wakati wake wahesabiwa kuwa ni wakati. Kwetu si rangi iamuayo. Ni viatu, ni mzigo, ni ndoo. Msomi mwenzangu ambaye jana alikuwa mwanafunzi akikimbia na kundi, leo amenunua gari la mkopo, na wiki ya pili tu amejifunza kupiga honi kabla ya mistari. Ni nani aliyemfundisha? Hapana. Kiti chenyewe kilimfundisha, na hapakuwa na kitu cha kumkanusha.

Nami sikubali kuwa hayo hayawezekani kukanushwa katika nchi zetu. Kenya, mwaka 2004, waziri John Michuki alilazimisha matatu zote ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Watu walisema haitawezekana, wenye matatu waligoma, na madereva wale wale, wenye damu ile ile, wakafunga mikanda na kupunguza mwendo mpaka ukali ulipolegea. Ulipolegea walirudi. Hilo nalo ni somo. Rwanda imeweka kamera katika barabara zake na kampeni yake ya Gerayo Amahoro tangu mwaka 2019, na mgeni avukaye Kigali huona magari yakimsimamia, jambo ambalo angelisimulia kwa mshangao kama angeliona Stockholm. Dar es Salaam yenyewe, chama kidogo kiitwacho Amend kilikwenda katika shule za msingi zilizo kando ya barabara, kikapima watoto waumiapo, kisha kikajenga vitu visivyo na fahari: tuta, kivuko, njia ya miguu, nguzo za kuzuia magari, lango la shule lililohamishiwa upande wenye utulivu. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019, na watoto walioumia wakapungua. Hatukuambiwa kwamba watoto wale walikuwa na ajali chache zilizoandikwa kuliko wenzao wa shule ya pili.

Madai yangu ni machache. Kila shule iliyo kando ya barabara ya magari ipate tuta kabla ya kivuko, si rangi peke yake, kwa kuwa rangi huombwa na tuta hulazimisha. Na rangi ikifutika irudishwe na ofisi yenye jina, kwa tarehe ijulikanayo. Mwendo wa mitaa yenye shule, soko na hospitali uwe kilomita 30 kwa saa. Trafiki ajifichaye nyuma ya mti barabara kuu ili akamate mwendo wa mabasi ahamie, siku mbili tu katika juma, kwenye kivuko, akamwandikie faini kila asiyesimama, awe wa daladala au wa gari la serikali lenye bendera. Bodaboda, ambazo huona kivuko kuwa ni nafasi iliyoachwa wazi na magari yaliyosimama, zihesabiwe kuwa ni magari, maana ndivyo zilivyo.

Na wahariri wa magazeti, ambao wengi wao walisoma Kiswahili katika vyuo vyetu na chini ya walimu walioandika katika kurasa kama hizi, wabadilishe sentensi moja. Waandike: dereva alimgonga mtoto kwenye kivuko, alikuwa akienda kilomita kadhaa kwa saa mahali ambapo sheria yaruhusu kilomita kadhaa. Waulize hesabu hizo mbili kwa polisi kila mara, na zisipopatikana, waandike kuwa waliziuliza na hazikupatikana.